Forodhani, Mama Ngina, Coco au Lamu: ukapunge upepo wapi?

Safari ya pwani ya siku mbili tatu huwa na jioni chache, na jioni ikiharibika hairudi. Kwa hiyo swali la wapi pa kupunga upepo lafaa liulizwe kabla ya kukata tiketi, si baada ya kufika. Maeneo manne hutajwa zaidi katika mwambao wetu: Bustani ya Forodhani katika Mji Mkongwe wa Unguja, Mama Ngina Waterfront kisiwani Mombasa, Coco Beach pamoja na Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam, na ukingo wa bahari wa mji wa Lamu. Yote manne mtembea kwa miguu anaingia bure, yote yana upepo, na picha zake mtandaoni zinafanana kiasi cha kumfanya mtu aamini kwamba popote ni popote.

Si kweli. Forodhani ni pa kula. Mama Ngina ni pa kukaa na kutazama. Coco ni pa kucheza, na Lamu ni pa kutembea. Anayekwenda Forodhani kutafuta utulivu, au Lamu kutafuta shamrashamra za usiku, atarudi akiulaumu mji usio na kosa.

Mimi mahali pa namna hii napapima kwa jambo moja: wenyeji wanafanya nini pale saa kumi na mbili jioni? Kama wanakuja na mikeka, watoto na chupa za chai, basi pana heri. Kama waliobaki ni wauzaji na wageni tu, hata pakipambwa kwa taa namna gani, kuna walakini mahali, na mara nyingi walakini huo uko kwenye bei. Kwa kipimo hicho Mama Ngina na Coco ziko mbele. Lamu haipimiki, maana ukingo ule ndio barabara yao ya kila siku, hawana namna ya kuuacha. Forodhani inategemea umefika siku gani.

Forodhani na Mama Ngina, ana kwa ana

Hizi mbili ndizo zinazolinganishwa zaidi, hasa na watu wa Nairobi na Arusha wanaopigia hesabu likizo moja. Kwa nje ni ndugu: sakafu nzuri, ukuta au uzio upande wa bahari, viti, miti ya kivuli, wauzaji. Zote mbili zilifanyiwa matengenezo makubwa karne hii. Forodhani ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ikafunguliwa upya mwaka 2009. Mama Ngina, ambayo wengi bado wanaiita Mama Ngina Drive, ilijengwa upya na serikali ya Kenya ikafunguliwa Oktoba 2019, na sherehe za kitaifa za Mashujaa za mwaka huo zikafanyikia hapo hapo.

Tofauti inaanzia kwenye ukubwa. Forodhani unaizunguka kwa dakika chache tu. Ni bustani ya mjini, imebanwa kati ya bahari na majengo makubwa ya kale: Ngome Kongwe iko ng'ambo ya barabara, na pembeni yake Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu ya mbele ya jumba hilo pamoja na mnara wa saa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo usiende ukitegemea kuingia ndani kabla ya kuuliza. Mama Ngina ni kubwa, ekari zaidi ya ishirini, inaanzia karibu na kivuko cha Likoni na kuufuata ukingo wa mwamba. Ukiitembea yote polepole, ukisimama kununua hiki na kile, saa zima linakwisha.

Mchana Forodhani ni bustani ya kawaida. Watu wamepumzika kivulini, paka wamelala, watalii wanapita kwenda ngomeni. Shughuli inaanza alasiri, meza zinapopangwa na mkaa unapowashwa, na baada ya magharibi ndipo panapochangamka kweli. Utakuta mishkaki, pweza, ngisi, kamba, vipande vya samaki vilivyotungwa vijitini, mihogo, ndizi, chapati na urojo. Utakuta pia pitsa ya Zanzibar, ambayo mtu wa Unguja akiiona hukumbuka mantabali: unga unatandazwa mwembamba, unajazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, unakunjwa, unakaangwa kwenye chuma mbele ya macho yako. Siku hizi zipo hadi za ndizi na chokoleti, nami sina ugomvi nazo, watoto wanazipenda. Pembeni mashine inakamua miwa, na juisi yake inatiwa ndimu na tangawizi.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaoisifu Forodhani bila kikomo. Vyakula vya baharini vinavyopangwa kwa ufundi mezani mara nyingi vimeshapikwa, na kazi ya mkaa ni kuvipasha moto. Kijiti cha kamba kilichokaa mezani tangu saa kumi alasiri, ukakila saa tatu usiku, unakila kwa hatari yako mwenyewe. Anayetaka kulala salama achague kinachotengenezwa mbele yake: pitsa, mishkaki mibichi inayowekwa motoni sasa hivi, miwa. Kisha aulize bei kabla kijiti hakijagusa mkaa, aulize kama ni bei ya kijiti au ya sahani, na alipe palepale badala ya kuacha hesabu ijumlishwe mwishoni. Mwenye Kiswahili ana nafuu kubwa hapa, ilimradi aanze na salamu. Ukimwendea muuzaji kwa "asalamu alaikum" na "habari za saa hizi", mazungumzo ya bei yanakuwa ya watu wanaojuana. Ukianza na "hii bei gani?" umeshajiweka kundi la wageni. Na mwenyeji wa Mji Mkongwe akitaka urojo wa kukata kiu, mara nyingi hufuata muuzaji wake wa mtaani, haji Forodhani.

Kwa hiyo kwa nini mtu aende? Kwa sababu hakuna mahali pengine katika mwambao huu ambapo chakula, bahari na majengo ya kale vimekutana katika eneo dogo namna hii. Maji yakijaa jioni, vijana hupokezana kukimbia na kujitosa baharini kutoka ukutani, kila mmoja akitafuta mruko wa kumshinda mwenzake, na watu hukusanyika kuwashangilia. Onyesho hilo halina tiketi na kwangu ndilo bora kuliko pweza wote waliopo. Mwezi wa Februari, kipindi cha tamasha la Sauti za Busara ambalo kwa miaka mingi limefanyika Ngome Kongwe, bustani hufurika hadi usiku mwingi. Ukipenda watu, nenda wakati huo. Ukiwaogopa, ukimbie mwezi huo kabisa.

Mama Ngina chakula chake ni cha kutafuna, si cha kushiba, na hilo si kasoro. Mihogo ya kukaanga inapasuliwa katikati, inapakwa pilipili na chumvi, inakamuliwa ndimu. Zipo krispi za mhogo, viazi karai, maembe mabichi yenye pilipili, mabuyu mekundu yanayopaka ulimi rangi, madafu, na kahawa chungu ya kumiminwa kutoka kwenye dele. Ni vitu vya bei ndogo. Familia ya watu watano inakula ikacheka, na mfuko haulii. Mtu mwenye njaa ya kweli atakula mjini kabla au baada.

Lakini watu hawaendi Mama Ngina kwa sababu ya mihogo. Wanaenda kuangalia meli. Mlango wa bandari ya Kilindini uko hapo chini, na meli ya makontena ikiingia au kutoka inapita karibu kiasi kwamba unaweza kusoma jina lake bila darubini. Upande wa pili ni Likoni, na feri zinakatiza kwenda na kurudi kutwa. Ninajua watu wazima, wenye kazi na heshima zao, wanaoweza kukaa hapo tangu alasiri wakisubiri meli moja ipite. Meli hazina ratiba ya kumfurahisha mgeni. Unaweza kukaa saa mbili usione hata moja, kisha zikafuatana. Ndiyo maana nikasema ni mahali pa kukaa. Mwenye haraka Mama Ngina haimfai.

Mibuyu ya pale nayo ni ya kutazamwa. Ni mikubwa, ya zamani sana, imeachwa isimame katikati ya matengenezo mapya, na kivuli chake saa tisa mchana kina thamani kuliko kiti chochote. Kuna pia magofu ya ngome ndogo ya Wareno ya Mtakatifu Yosefu, ambayo wengi wanayapita bila kuyajua. Anayetaka historia iliyopangwa na kuelezwa atachukua tuktuk hadi Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Si mbali. Wengi hufanya ngome asubuhi, Mama Ngina alasiri.

Jambo moja la tahadhari: Mama Ngina si ufuo. Ni mwamba, na chini yake mawimbi yanapiga mawe. Usishuke kwenda kupiga picha chini, na mtoto mdogo mshike mkono upande wa ukingoni. Mtu aliyeahidi watoto kuogelea awapeleke Nyali au Shelly, asiwalete hapa wakalia.

Coco na daraja lake

Coco ndiyo pekee kati ya hizi nne yenye mchanga wa kucheza, na ndiyo isiyopambwa. Iko Oysterbay, kando ya barabara ya Toure, na kwa siku za kazi asubuhi unaweza kudhani umekosea njia: wakimbiaji wachache, mbwa, watu wa mazoezi. Jumapili alasiri hali ni nyingine kabisa. Jiji lote limeshuka. Mpira unachezwa mchangani, muziki unashindana kutoka vibanda viwili vilivyo jirani, mihogo inachomwa na kukaangwa, mishkaki inageuzwa, mtu anauza supu ya pweza, mwingine anapiga picha za papo kwa papo.

Kwa mwanafunzi mwenye pesa kidogo na marafiki wengi, sijui mahali pa kushinda hapo. Kwa mtu aliyekuja Dar kupumzisha kichwa, Jumapili ya Coco ni adhabu. Aende Jumanne.

Tangu mwaka 2022 Coco imepata mwenza. Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa kilomita moja na ushei juu ya maji, linaunganisha upande wa hospitali ya Aga Khan na upande wa Coco. Lilijengwa kupunguza foleni ya daraja la zamani la Selander, lakini wenye miguu wameligeuza mahali pa kutembelea: kuna njia ya waendao kwa miguu, upepo wa wazi pande zote, na majengo ya katikati ya jiji yanaonekana kwa mbali upande wa kusini. Asubuhi na mapema ni la wakimbiaji, jioni ni la wapenzi na wapiga picha. Gari usilisimamishe juu yake. Liache upande wa Coco kisha upande kwa miguu. Ukivuka unaweza kuendelea na barabara ya Barack Obama, ile iliyokuwa Ocean Road, ukafuata bahari kuelekea Ikulu na feri ya Kigamboni. Kwa hesabu ya matembezi marefu yenye sakafu nzuri chini ya miguu, Dar imewazidi Mombasa na Unguja, jambo ambalo miaka kumi iliyopita nisingelisema.

Kuogelea Coco kunahitaji akili. Maji yakipwa, miamba inajitokeza na ndani yake kuna shokoshoko, viumbe wa baharini wenye miiba, wanaochoma nyayo. Maji yakijaa ni mazuri, ila kuna mikondo, na umati wa sikukuu humfanya mtoto apotee machoni kwa dakika moja. Wazazi, mmoja wenu asiingie majini. Kazi yake iwe kuhesabu vichwa.

Lamu: ukingo usiojengwa kwa ajili ya mgeni

Ukingo wa Lamu hauna lango, hauna mchoraji wa bustani, hauna sakafu ya vigae. Ni barabara ya mbele ya mji, na bahari iko palepale. Jahazi na mashua zimefungwa ukutani, mizigo inashushwa, punda wanapita na mchanga na matofali mgongoni, wazee wamekaa kwenye mabaraza, watoto wanatoka madrasa. Pikipiki zimeingia nazo, sitadanganya, lakini bado punda ndiye bwana wa njia. Ukisikia nyuma yako mtu anaita upishe, pisha.

Mji wa kale wa Lamu uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2001. Kutoka ukingoni, hatua chache ndani, unafika ngome na soko, na Usita wa Mui, yaani njia kuu ya mji, unaokwenda sambamba na bahari. Ukingoni penyewe kuna makumbusho na vibanda vya kuuza juisi ya embe na ukwaju ambayo ni sababu ya kutosha ya kupumzika. Ukiendelea kusini kwa miguu unafika Shela, mwendo wa kama dakika arobaini, na huko kuna ufuo wa mchanga mrefu kupita uwezo wa miguu ya wengi. Hiyo ndiyo matembezi bora ya bahari niyajuayo katika pwani yetu, na nasema hivyo nikijua watu wa Tanga watanuna.

Kipindi cha Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita, mji hufurika wageni kutoka pwani nzima na ng'ambo, zefe hupita, kuna mashindano ya punda, na vyumba hupatikana kwa shida. Nje ya hapo Lamu hulala mapema. Pombe ni ya kutafutwa, muziki wa usiku haupo, na anayefika na kaptura fupi au kifua wazi ukingoni atatazamwa kwa macho yanayosema yote bila neno.

Jua, maji na pepo

Wageni hupanga safari kwa bei ya hoteli. Mtu wa pwani hupanga kwa maji na pepo, na hapa ndipo chaguo linapobadilika kabisa.

Anayetaka jua likizama baharini hana mjadala, aende Forodhani. Mji Mkongwe unatazama magharibi. Coco inatazama mashariki, kwa hiyo uzuri wake wa jua ni alfajiri, wakati mchanga bado ni baridi na muziki haujaamka. Lamu pia inatazama mashariki. Jua linachomoza ng'ambo kwenye kisiwa cha Manda na jioni linajificha nyuma ya nyumba, ukingo unapata kivuli mapema, jambo la heri miezi ya joto. Mama Ngina inaelekea kusini na mashariki, bahari inabaki na mwanga laini jioni lakini jua lenyewe linaangukia upande wa bara. Nimeona watu wamekasirika hapo na kamera zao, kama kwamba Mombasa imewadhulumu.

Kisha maji. Katika mwambao huu tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua inakaribia mita nne, na inabadili sura ya kila mahali. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja jioni, yakawa yamepwa mnamo saa nne asubuhi. Ina maana ukipanga safari yako karibu na mwezi mpevu, Forodhani utawakuta warukaji, na Coco utakuta maji ya kuogelea saa ile watu wanapotoka kazini. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, alasiri maji yako chini. Forodhani utaona matope na mashua zilizolalia ubavu, Coco utaona mawe. Lamu ina mtego wake: njia ya Shela sehemu fulani humezwa na maji yakijaa, na anayetembea bila kuuliza hujikuta na viatu mkononi, maji magotini. Mama Ngina peke yake haijali. Mwamba uko juu, na maji yakiwa mengi ndiyo kwanza mawimbi yanavutia.

Pepo nazo. Kusi, tangu Juni hadi Septemba, ni baridi na ya nguvu. Mama Ngina miezi hiyo ni tamu, ila mzee mwenye kifua avae shuka. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ni joto, bahari imetulia, na Lamu na Forodhani zinapendeza zaidi usiku. Masika, yaani mwisho wa Machi hadi Mei, Forodhani meza hupungua, na Lamu baadhi ya nyumba za wageni hufunga. Bei hushuka pia, kwa anayeweza kuvumilia mvua.

Kufika, kuvaa, kulipa

Mombasa ndiyo rahisi kwa mtu wa bara la Kenya: treni ya SGR kutoka Nairobi inakwenda tangu 2017, ingawa stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa, na bado utahitaji usafiri hadi mjini. Dar nayo imepata treni yake ya SGR kutoka Dodoma na Morogoro tangu 2024. Forodhani ni boti ya kama saa mbili kutoka Dar, na ukishuka bandarini unaweza kwenda kwa miguu na begi lako. Beba kitambulisho au pasipoti, utaulizwa. Lamu ndiyo ngumu. Ndege inatua Manda na unavushwa kwa boti, au basi hadi Mokowe kisha boti. Kwa barabara, uliza hali ya usalama ya siku hizo kwa watu wanaosafiri njia ile mara kwa mara, na usisafiri usiku.

Mavazi: Coco vaa utakavyo. Mama Ngina, kwa adabu ya kawaida. Forodhani na Lamu, funika mabega na magoti, hasa ukiingia mitaani. Mwezi wa Ramadhani Unguja haliliwi chakula hadharani mchana, na Forodhani inaanza kupata uhai baada ya futari, ikakolea baada ya tarawehe. Kwangu hizo ndizo siku bora za Forodhani, kwa sababu wenyeji wanarudi.

Pesa taslimu ndogondogo zinahitajika kote. Mombasa na Lamu M-Pesa inapokelewa hadi kwa muuza mihogo. Forodhani na Coco pesa za simu zipo lakini mgeni wa nchi jirani asitegemee laini yake ya nyumbani.

Mwenye kiti cha magurudumu, au mama mwenye kigari cha mtoto, achague Mama Ngina kwanza, Forodhani pili kabla umati haujafika. Lamu itamtesa, na mchanga wa Coco nao vivyo hivyo, ila daraja linapitika.

Kama una jioni moja tu

Mchumba mpya: Forodhani, ufike saa kumi na moja, utazame jua, ule kidogo, uondoke kabla ya zogo. Watoto wadogo na bibi yao: Mama Ngina, bila kusita. Kundi la vijana: Coco Jumapili. Mgeni wa kutoka ng'ambo ambaye hajawahi kuona pwani: Forodhani, kwa sababu ya majengo, na umfundishe kuuliza bei. Mtu aliyechoka na maisha ya mjini: Lamu, na siyo jioni moja, maana kufika tu kunakula siku. Ukienda Lamu kwa usiku mmoja umetupa nauli.

Ndugu zetu walioko Oman watauliza mbona Mutrah haikutajwa. Kweli ina haki ya kutajwa: barabara ile ya bahari Maskati, yenye soko la samaki upande mmoja, suku, yaani soko la kale, katikati na ngome ya Wareno juu ya mlima, ni safi na imepangika kuliko yoyote ya kwetu, na jioni hukosi kusikia Kiswahili cha Unguja kwenye viti. Lakini kuanzia Mei hadi Septemba joto lake si la kutembea, na chakula cha kando ya njia kama cha Forodhani hakipo kwa wingi. Ifanye Novemba hadi Februari.

Na anayetaka mbao hasa

Yote niliyoyataja ni zege, mawe na mchanga. Anayetamani njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya maji, kama zile anazoziona kwenye picha za nchi za mbali, asizitafute mijini. Ziko kwenye mikoko.

Gazi, kusini mwa Mombasa katika Kwale, kikundi cha wanawake kinaendesha njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, nao hupika vyakula vya Kiswahili kwa wageni waliotoa taarifa mapema. Kijiji hicho hicho ndicho chenye mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko na kurudisha fedha katika maji na shule za kijiji. Watamu kuna njia ya Mida, inayoning'inia na kuyumba kidogo hadi kibanda cha kutazamia ndege. Ni ya wapenzi wa ndege hasa, na fedha zake zinasaidia karo za watoto wa eneo hilo. Unguja kuna ya Pete, jirani na msitu wa Jozani wenye kima punju, na wengi huiona katika ziara hiyo hiyo ya msitu. Kati ya tatu hizo, Gazi ndiyo yenye chakula na maelezo ya kina, Mida ndiyo yenye mandhari pana, Pete ndiyo fupi na rahisi kuunganisha.

Hizi zina kiingilio kidogo, na nakilipa kwa moyo mweupe kuliko kijiti cha kamba cha Forodhani. Ukiwa Unguja panga Pete asubuhi na Forodhani jioni ya siku hiyo hiyo, ikiwezekana siku ya bamvua: saa nne maji yamepwa na mizizi ya mikoko iko wazi, kaa na samaki wa matope wanaonekana, na ukifika Forodhani saa kumi na moja, maji yamekwisha kujaa na vijana wako ukutani.